Aksanti, Mashua Inayojipakua

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Jana pasta aliagiza kila muumini awe na daftari na aandike kila siku jambo moja la kumshukuru Mungu. Si malalamiko, alikazia, huku akinitazama mimi. Nimepata daftari la kurasa tisini na sita. Shukrani zangu hazitafika huko, lakini karatasi ni nzuri.

Kwa atakayeliokota: ni la Hénock Mukalay, zamani karani wa mizani ya malori kule Fungurume, miaka tisa bila kosa, sasa msimamizi wa mashua katika ziwa la Nzilo. Mashua si yangu. Ilikuwa ya marehemu tata Numbi, baba wa mke wangu Adèle. Inaitwa Aksanti. Jina liko ubavuni kwa rangi nyekundu na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini. Tunabeba mchanga wa kujengea, kutoka pale Lualaba inapoingia ziwani hadi bandari yetu ya upande wa Kolwezi. Bandari ni neno kubwa. Ni udongo, mawe matatu, na nganda ya shemeji yangu Mathieu, ndugu wa Adèle, ambako watu hunywa bia wakitazama wengine tukifanya kazi.

Jumamosi ya tarehe 14 ukoo unakutana kumaliza kilio cha tata Numbi. Mwaka mmoja tangu tumzike. Siku hiyo wataamua mashua iende kwa nani. Mathieu anataka kuipasua apate mbao za benchi. Anasema mashua inayolala ufukoni siku nne kati ya sita ni benchi tayari, ila limelowa. Adèle ameniambia nikionyesha kabla ya siku hiyo kwamba Aksanti inafanya kazi ya heshima, atasimama mbele ya ukoo aseme. Nisipoonyesha, hatakuwa na la kusema, na kitu cha mwisho cha baba yake kitakaliwa na walevi. Hakulia aliponiambia. Alikuwa anachambua maharage, na aliendelea kuchambua.

Sikulala vizuri. Asubuhi, muujiza! Video kwenye simu. Meli ndefu ya maziwa makubwa ya Amerika, inabeba kokoto, makaa ya mawe, chumvi, jasi. Tumbo lake limeteremka pande mbili kama faneli. Chini ya tumbo kuna milango, chini ya milango kuna mkanda unaotembea. Mzigo unashuka wenyewe, mkanda unaupandisha juu, kisha mkono mrefu unageukia nchi kavu na kuumwaga unapotaka. Hakuna kreni. Hakuna gati la maana. Hakuna wapakuzi. Mtu mmoja na kitufe, maelfu ya tani kwa saa.

Mtangazaji alieleza hata uchumi wake. Meli ikikaa bandarini inakula, ikisafiri inalisha. Nilisimama wima. Kisha akasema, “Lakini”, na mega zangu za intaneti zikaisha. Haidhuru. Jambo kubwa nilikuwa nimeshalisikia.

Shukrani ya leo: simu.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimempelekea mama Kanku habari njema. Yeye ndiye mkubwa wa wanawake kumi na wanane wanaopakua mashua zote za hapa kwa mabeseni. Wanaingia majini hadi magotini, wanajitwisha, wanapanda, wanamwaga, wanarudi, na wimbo wao ni uleule tangu nioe. Yeye mwenyewe habebi tena. Anakaa kwenye jiwe la kati na punje za mahindi mapajani. Kila beseni kumi zikipita, punje moja inaingia kwenye kopo. Beseni lisilojaa analirudisha kwa jicho tu. Nilimtazama nikaona mambo ya kizamani yalivyo.

Nikamwambia kwamba kuanzia juma lijalo Aksanti itajipakua yenyewe na shingo zao zitapumzika. Akasema, “Tata Hénock, hii shingo yangu ilikuambiaka siku gani asema inachoka?”

Nilieleza kwamba watakuwa huru kufanya kazi nyingine. Aliuliza kazi gani. Nikasema maendeleo yatawaonyesha. Aliuliza maendeleo yanakaa mtaa gani, aende kuyasalimia. Wanawake wote kumi na wanane walicheka, na mmoja akalazimika kutua beseni.

Nashukuru kwamba hakunirushia lake.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Mkanda umepatikana! Gradi, fundi wa kuchomelea vyuma, ana uwanja uliojaa vyuma chakavu vya migodi alivyonunua kwenye mnada. Nyuma ya tangi kulikuwa na mita kumi na mbili za mkanda mweusi, mnene kama kidole gumba. Anasema ulitoka Kisenge na ulibeba manganizi kabla mimi sijazaliwa. Watu wa hapa wanaukata kutengeneza kandambili. Niliuonea huruma. Mkanda wa kazi kubwa namna ile kukanyagwa na watu wanaokwenda chooni!

Nimempa baiskeli yangu. Aliichunguza, akaomba na pampu. Nimempa na pampu.

Ilibaki mota. Mota ya kusukuma mkanda haipatikani barabarani. Nyumbani kwetu iko moja, ya mashine ya Adèle ya kusagia mahindi, ambako mtaa mzima huleta ndoo zake. Nilipanga maneno tangu mchana. Nilisema kuhusu Amerika, nikasema kuhusu baba yake, nikasema tena kuhusu Amerika. Aliniacha nimalize. Kisha alichukua spana, akafungua boliti nne mwenyewe, maana mimi ningeziharibu. Akaniita kwa jina la mtoto wetu, “Baba Falonne, hii mota njo inatulisha. Irudi siku ya posho ya kilio, ikiwa nzima.” Yaani Jumamosi ya tarehe 14, siku ya unga wa kulisha ukoo.

Alinisaidia hata kuipandisha kwenye mkokoteni. Nimeoa mwanamke ambaye sistahili. Naandika hivyo kwa herufi kubwa ukurasa unaofuata, ili nisisahau.

SISTAHILI.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Siku mbili za ujenzi. Ndani ya Aksanti tumeweka sakafu mpya ya mbao, imeteremka pande mbili, na chini yake tumeacha njia ya mkanda. Milango sita ya kuvuta kwa kamba. Mota imekaa nyuma, juu ya kichanja. Mkono wa kumwagia ni miti miwili ya mikaratusi, mirefu kama nyumba, inayogeuka juu ya rimu ya lori. Ukiitazama kutoka kilimani inafanana na ndege aliyevunjika bawa moja. Ukiitazama karibu ni nzuri kabisa.

Gradi alizunguka mara mbili akakuna kichwa. Zamani Aksanti ilibeba mabeseni mia nne. Sasa, kwa macho yake, itabeba mia mbili, maana nusu ya tumbo imeliwa na sakafu na mkanda. Aliuliza mchanga mwingine utakaa wapi. Nikamjibu kwamba hautakaa popote, utakuwa ufukoni tayari, kwa sababu ya kasi. Alifikiri kidogo, akasema yeye ni mtu wa kuchomelea tu.

Asante Mungu kwa mafundi wasiobishana.

Jumapili, tarehe 8 Juni. Pentekoste

Pasta alihubiri juu ya upepo na moto. Mimi nilifikiria mota. Baada ya ibada nilimwomba aje kuibariki mashua. Alikuja na kanzu yake, akasimama mbele ya mkono wa mikaratusi, akaomba sala ndefu kuliko ya ndoa yangu.

Mathieu naye alikuja, na utepe wa kupimia. Wakati sisi tumefumba macho alipima ubao wa kulia. Niliposema amina nilimkuta anaandika mkononi kwa kalamu. Aliniambia nisijali, anapata benchi tisa na kiti kimoja cha kuegemea, na kile cha kuegemea atanipa mimi.

Jioni niliweka mega kidogo nikamalizia pale mtangazaji alipofikia. Alikuwa anasema, lakini meli hizi ni ghali kuzijenga na zinabeba kidogo kuliko dada zake, kwa kuwa mitambo inakula tumbo. Hilo tumeshaligundua wenyewe, hapa Kolwezi, bila msaada. Akaendelea kwamba zinaleta faida tu pale safari ni fupi, mzigo ni wa kila siku, na kazi ya kupakua bandarini ni ghali au inachelewesha. Safari yetu ni fupi! Alipofika kwenye “lakini” ya pili mega zikaisha tena.

Pia nimepata mteja. Tata Kalombo, fundi mwashi, anajenga wodi ya akina mama wazazi karibu na barabara kuu. Anahitaji mchanga mwingi. Alikuwa ananunua kwa mashua nyingine ila nimemwambia aje Jumatano aone karne ya ishirini na moja. Amesema atakuja, kama hakuna mvua. Ni Juni, kiangazi. Mvua itatoka wapi?

Jumatano, tarehe 11 Juni

Baridi asubuhi. Ukungu juu ya ziwa. Nilivaa koti la tata Numbi, Adèle mwenyewe alinifunga vifungo.

Kupakia kulichukua saa tano, kwa koleo, kama siku zote. Nimeandika pembeni: meli inayojipakua haijipakii. Tafuta video.

Tulifika saa nane. Bandari nzima ilikuwa pale. Wanywaji wa Mathieu walitoka na chupa zao. Kalombo alikuwa na kofia ya ujenzi. Mama Kanku alikaa kwenye jiwe lake, na kopo tupu, kwa heshima. Niliwasha mota. Ilikohoa, ikashika. Nikavuta kamba ya kwanza. Mkanda wa Kisenge ukaanza kutembea baada ya miaka mingi, ukalia kidogo, na mchanga ukapanda! Ukapita juu ya vichwa vya watu, ukaanguka nchi kavu, lundo zuri lenye ncha. Dakika kumi na nane. Watu walipiga makofi. Mama Kanku alipiga makofi. Mathieu alipiga goti lake kwa kiganja mara mbili, ambayo kwake ni makofi. Nilimtafuta Adèle kwa macho, alikuwa ameshika mdomo kwa kikwembe alichojifunga na alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka vile tangu mazishi. Hata siku hii ikibaki peke yake, nashukuru.

Kisha Kalombo akalizunguka lundo na kuuliza, “Beseni ngapi, tata?”

Nilimwambia nyingi.

Alisema hanunui nyingi. Kila mtu kutoka hapa hadi mjini ananunua mchanga kwa mabeseni yaliyohesabiwa na mama Kanku. Punje zake kwenye kopo ndizo stakabadhi, hakuna anayezihesabu mara ya pili. Lundo halina punje. Aliuliza, kwa upole kabisa, kama si mimi niliyekuwa karani wa mizani kule Fungurume. Nilikubali kwamba ni mimi. Akauliza miaka mingapi. Nikasema tisa.

Basi ilibidi lundo lihamishwe ili lihesabiwe. Kutoka pale lilipo hadi hatua ishirini kulia. Kwa mabeseni. Nilimwendea mama Kanku. Wanawake wake walikuwa wameshapewa mashua nyingine, nikangoja zamu hadi walipomaliza. Hakunicheka. Alifunga kikwembe chake, akawaita, wimbo ukaanza. Ilichukua saa moja na nusu, sawasawa na muda ambao wangetumia kuipakua Aksanti tangu mwanzo. Mabeseni mia moja themanini na saba. Na Kalombo alisema mchanga wa pale chini umechanganyika na udongo, haufai kwa plasta.

Lakini hakuondoka. Ametoa nafasi moja zaidi, kesho. Nafasi ni nafasi.

Mega za jioni: meli zile kubwa hazihesabu mabeseni. Zimechorwa alama ubavuni. Unasoma maji yamefika alama gani kabla ya kupakua, unasoma tena baada, tofauti ndiyo mzigo. Mungu hamtupi mtu wake! Kumbe nusu ya pili ya video ndiyo yenye akili yote.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili. Nitaandika polepole, kwa ukweli, kama daftari linavyotaka.

Alfajiri nilichora alama ubavuni kwa chokaa, kutoka hamsini hadi mia tatu. Nzuri, zimenyooka. Kule kwenye mchanga nilifikiri hivi: Kalombo ni mtu wa macho. Akiona alama zote zimezama atafurahi. Kwa hiyo nilipakia hadi alama zote zikazama. Mchanga ulipita sakafu, ukapita kingo, ukawa kilima. Watu wa koleo waliniuliza mara tatu. Mara ya tatu waliniuliza wakiwa wamesimama nchi kavu.

Tulirudi polepole sana. Tulifika. Maji pale yanafika kifuani. Kalombo alikuja kusoma alama. Hakuziona. Nikamwambia hiyo ndiyo habari yenyewe. Alikwenda upande wa pili akakuta mia na tisini iko juu ya maji, akaniuliza kwa nini upande mmoja una mia tatu na mwingine hauna. Nilisema tutagawanya katikati. Akasema hajengi wodi ya wazazi kwa kugawanya katikati.

Ili kumaliza ubishi niliwasha mota na kuugeuza mkono kuelekea nchi kavu. Mkono ulikwenda. Mchanga mbichi ukaufuata. Kisha Aksanti nayo ikaufuata. Haikuanguka kwa kishindo. Ililala ubavu, taratibu. Mota ilizama ikiwa bado inazunguka. Mchanga wote ukaingia ziwani kwa pumzi moja, isipokuwa ule uliojibana chini ya sakafu yangu na kuishikilia mashua isiinuke. Kwa upande wa muda tu, hakuna meli yoyote duniani iliyowahi kujipakua haraka hivyo.

Hakuna aliyeumia. Hiyo ndiyo shukrani ya kwanza na nimeisema mara mia leo.

Nilisimama majini nikishika kamba isiyo na kazi. Mbao za ubavu zilianza kulia. Ikikaa hivyo hadi asubuhi, alisema mtu, misumari itaachia yote. Nilimwona Adèle anashuka kilima anakimbia, kikwembe mkononi. Hakunitazama. Aliingia majini akaweka kiganja juu ya lile neno jekundu, kwa kuwa ndilo lililokuwa bado juu ya maji. Nilitamani anitukane.

Hapo mama Kanku aliinuka kwenye jiwe lake. Alimwaga punje zote mfukoni, akachukua beseni, ambalo hajalibeba miaka mingi. Akasema, “Bamama, tuingie. Hii mashua haitalala mu mayi.”

Waliingia wote kumi na wanane. Nusu walitoa maji, nusu walitoa mchanga, kwa mabeseni, na wimbo ni uleule. Sitausema vibaya tena wimbo ule. Mathieu alivua viatu. Alileta benchi zake nne za nganda, tukazisukuma chini ya ubavu tukazikalia kuinua. Mbili zilivunjika. Nilianza kumshukuru akanikatiza, “Mi sikuye juu yako. Nilikuya juu ya baba.” Alikuwa analia. Nami nililia. Majini haionekani sana.

Tulibomoa sakafu yangu ubao kwa ubao. Jua likikaribia kuzama, Aksanti ilisimama.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mbao nane zimefunguka, zinazibika. Gradi amekuja bila kuitwa. Kwa baiskeli yangu. Mota imefunguliwa vipande vipande, imeanikwa juani kwenye mkeka uani, Adèle anaipangusa mafuta kidogokidogo. Hajasema nami tangu jana isipokuwa kuniambia bukari, ugali wetu, iko tayari. Lakini aliniwekea samaki mkubwa. Sijui nimwelewe vipi yule samaki.

Nilikwenda kwa mama Kanku kumuuliza nimlipe nini. Alisema nikae. Akanihadithia.

Zamani kifungua mimba wake alifia ng'ambo ya ziwa, mtoto wa miaka minne. Ilibidi mwili urudi uzikwe kwao. Mashua zote zilikataa, maana mashua iliyobeba maiti wateja huikimbia. Tata Numbi alikuwa amepakia mchanga tayari, umeshanunuliwa. Alichukua koleo akaumwaga wote ziwani, peke yake, hadi mashua ikawa tupu na safi. Akatandika koti lake chini ili mtoto alale. Yeye Kanku hakuwa na kitu cha kumpa. Alimwambia aksanti, basi. Juma lililofuata neno lilikuwa ubavuni.

Tangu siku hiyo, alisema, Aksanti haikupangiwa foleni hata mara moja, ila Jumatano ilipojipakua yenyewe. Ikifika inapakuliwa kwanza. Mimi miaka yote nilidhani ni kwa sababu ya adabu yangu.

Koti lenyewe ndilo nililovaa Jumatano. Nimelikunja vizuri nikalirudisha sandukuni.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Ukoo wote. Wengine wametoka Musumba, siku nne barabarani. Nyimbo, sala, bukari ya unga wa kununua, mbuzi wawili. Nguo nyeusi zilivuliwa na Adèle alivaa kikwembe cha kijani. Ni mzuri. Niandike tu.

Kisha suala la mashua. Mathieu alisimama kwanza. Nilijiandaa. Alisema ameiona chini ya maji, na kuanzia siku ile hawezi tena kuweka msumeno juu yake. Akakaa. Wazee walimgeukia Adèle wakamuuliza msimamizi wa mashua ana sifa gani. Adèle alifungua mdomo, akaufunga. Mke wangu hawezi kusema uongo, ni udhaifu wake mmoja.

Mama Kanku aliomba ruhusa ingawa si wa ukoo. Alisema kuipakua Aksanti hakujawahi kuzidi saa moja na nusu. Zile siku nne inazolala ufukoni, hazikuwa za kupakuliwa. Zilikuwa za tata Hénock kufikiria. Watu walicheka, mimi pia nilicheka, kwa kuchelewa. Akasema mashua haina ugonjwa wowote. Ipewe kazi.

Uamuzi: Aksanti ni ya Adèle. Na Adèle, hapohapo, alisema kazi ya mashua itapangwa na mama Kanku. Kalombo alikuwa amealikwa kula, akasema Jumatatu anataka mabeseni mia nne, yenye punje. Mbao za sakafu yangu amepewa Mathieu: benchi saba, na kiti cha kuegemea. Kumbe alishavigonga vyote jana bila kungoja, na ameniletea kile kiti. Ni kigumu lakini nimekikalia jioni nzima.

Mimi je? Nilidhani nimesahauliwa. Watu walipoanza kuondoka, mama Kanku aliniita, akaniwekea mkononi lile kopo. Magoti yake yamechoka na baridi ya juzi, hawezi kukaa kwenye jiwe Juni na Julai. Anahitaji mtu wa kuhesabu punje ambaye hawezi kuongeza hata moja. Aliuliza kama miaka tisa ya mizani ilikuwa kweli bila kosa. Nilisema ilikuwa kweli. Hapo Adèle alikuja akanishika mkono mbele ya watu wote, na akasema neno juu yangu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Alisema ni kweli, mi namujua, kwa kuhesabu ni muntu mzuri.

Nimepewa zaidi ya nilichopoteza, na nilichopoteza sikukipoteza. Ukurasa huu ningeujaza neno moja tu, lile la ubavuni.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Ibada. Nilisimama kushuhudia nikazungumza dakika ishirini, pasta akapiga kengele. Nilisema nimejifunza kuridhika, kuwasikiliza waliotangulia, na kuacha mambo ya simu. Waumini waliitikia amina. Adèle aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Mchana nilijaribu punje. Jiwe lina joto, upepo mzuri, unaona ziwa zima. Kazi ya heshima. Nilirudi nyumbani, nikaweka mega kidogo, kwa nia ya kumalizia tu ile video ili nisiwe na deni la udadisi. Dakika ya mwisho inaeleza kwamba kabla ya kugeuza mkono wanajaza maji upande wa pili wa meli ili isilale. Nilitikisa kichwa. Mambo ya simu!

Ila ilipokwisha ikaja nyingine yenyewe, sikuigusa. Inahusu meli kubwa ajabu yenye mgongo bapa. Haihitaji kreni wala gati wala koleo. Inafungua milango, inaingiza maji tumboni, inazama yenyewe kwa makusudi! Mzigo unaelea hadi juu yake. Kisha inatoa maji na kuinuka na mzigo mgongoni. Nilikaa kitako kwenye kiti cha Mathieu. Kupakia bila koleo! Ndilo lile tatizo la saa tano nililoliandika pembeni Jumatano!

Mtangazaji alisema sehemu ngumu kuliko zote ni kuizamisha meli bila mtu kuumia, na kwamba mabaharia wanasomea miaka. Sisi Alhamisi tuliizamisha bila mtu kuumia na bila kusoma. Na kuinua tuliinua! Wapakuzi tunao, benchi Mathieu anazo saba mpya. Kisha akasema, “Lakini”, na mega zikaisha.

Nashukuru. Mungu haachi mtu njiani. Adèle bado anaikausha mota uani, nasikia spana. Nangoja afunge boliti ya nne, kisha nitamwendea na maneno mazuri, nianze na Amerika.